Kitwa Si Kitu

Mwezi uliopita nilirudisha begi la kazi, nikatia sahihi kwamba nimelirudisha, nikapanda boti kuja Amu, yaani Lamu mjini, aliko mume wangu. Nina miaka thelathini na moja na watoto wawili. Mashoga zangu hucheka nikisema nimestaafu. "Mstaafu gani huyo ananyonyesha?" Wacha wacheke. Miaka kumi na miwili nimezunguka nyumba za wazazi kisiwani Pate, yaani wanawake waliojifungua karibuni, na magoti yangu yanaujua kila mkeka.

Nyinyi wasichana wawili mliolichukua begi hilo mliniambia, "Dada, tuandikie tufanyeje." Haya, nimeandika. Na manesi mnaotoka bara kuja kufanya kazi kwetu, nanyi someni, kwa sababu hasira zilizomo humu nusu ni zenu. Nusu ya pili ni yangu mwenyewe, mtaiona. Mambo ya vyeo sitasimulia kwa kuwa sikupata. Kituo chetu cha afya hakina ghorofa, na mimi vilevile sikupanda.

Sikuwa nesi. Nilikuwa mhudumu, nimetoka kidato cha nne na cheti kwenye bahasha. Asubuhi tulisafisha wodi ya wazazi, tukachemsha maji, tukakunja mashuka. Baada ya hapo niliandamana na nesi nyumba kwa nyumba, kumwonyesha ndia na kumfasiria maneno. Ndia ni njia. Mkishindwa na hilo, msiende mbele.

Siku ya kwanza nilipewa karatasi ya maswali na nikatumwa pamoja na Bi Mwanatime, mhudumu aliyekuwa pale kabla yangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na viatu alivyovivua kabla hata ya kufika mlangoni. Tuliingia kwa mzazi wa siku tatu. Nikasimama katikati ya chumba, nikasoma kama niko darasani.

"Je, unatokwa na damu nyingi?"

"Ndiyo."

"Je, mtoto ananyonya vizuri?"

"Ndiyo."

"Je, una homa?"

"Ndiyo."

Nikaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa mwandiko mzuri. Bi Mwanatime akanitazama, halafu akamgeukia mzazi kwa upole kabisa. "Mwanangu, na pembe umeota?"

"Ndiyo, Bi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzazi naye akacheka mpaka akashika tumbo. Tulipotoka nje Bi Mwanatime akaniambia, "Yule hakukujibu. Alikupa heshima ili uondoke alale."

Mengi niliyoyajua niliyapata kwake. Alinifundisha kuketi chini kabla ya kusema neno, maana mtu aliyesimama juu ya kitanda chako ni kama ana haraka, na mwenye haraka haambiwi kitu. Alinifundisha kunywa maji ninayopewa, yote, hata kama nimekunywa nyumba nne kabla ya hiyo. Kumwita mzazi kwa jina lake. Kutomgusa mtoto kwanza: mtazame mama, muulize yeye amelala vipi, amekula nini, nani anamsaidia kwenda chooni, ndipo umgeukie mtoto. Kutodharau mkanda wa tumbo, wala maji ya moto, wala udi wanaomfukizia. Ukidharau hayo, mamake atakutabasamia na hutaambiwa lolote tena katika nyumba hiyo. Sema tu maji yasiwe ya kumbabua na moshi usiwe karibu na mtoto, basi.

Na kuhusu maumivu alikuwa na amri moja: "Usimuulize wapi pauma. Mwambie ashike."

Baba naye alikuwa na njia yake. Wanaume wetu mke akijifungua huwa kama wageni kwao, wasimama nje wakihesabu mawe ya ukuta. Bi Mwanatime alikuwa akijidai mgongo umemuuma. "Bwana, ndoo," anamwita, yaani njoo, "nishikie huyu nimpime, mimi mgongo leo sina." Mwanamume anaingia akijikwaa, anawekewa mtoto mikononi, na Bi Mwanatime anaanza kutafuta mizani ambayo iko mbele yake. Anaitafuta polepole sana. Sijaona mwanamume aliyemrudisha mtoto kama alivyompokea.

Mimi nilijifungua binti yangu Salma nikiwa kazini mwaka wa nane. Nilidhani najua yote. Siku ya nne nilikuwa nalia juu ya bakuli la uji bila sababu, kifua kimekuwa jiwe, na kila aliyeingia aliinama juu ya mtoto na kusema mashallah. Wenzangu wa kazi walikuja pia, watatu, wakamsifia nywele. Aliyeniokoa ni Bi Mwanatime, alikuwa ameshaacha kazi. Aliingia, akampita Salma kama kikapu, akanichukua bafuni, akaniosha kichwa kwa maji vuguvugu, akakanda kifua changu kwa kitambaa chenye moto hadi maziwa yakafunguka. Hakusema hata neno moja la ushauri. Hilo nalo liandikeni.

Sasa nifike kwa Rukia.

Nilirudi kazini Salma akiwa na miezi sita. Nesi niliyekuwa nikiandamana naye aliitwa Sista Nekesa, mtu wa bara, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika msikitini. Alikuwa nesi kwelikweli. Nimeona mikono yake ikimrudishia pumzi mtoto aliyezaliwa wa buluu. Mwaka mzima nilimfasiria, na yeye akawa anashika neno hapa na neno pale, akirudia kwa sauti kubwa, na wazazi wakimpenda kwa kujaribu. Asubuhi moja tukaenda Chundwa, kwa Rukia, mzazi wa siku sita, mtoto wake wa kwanza, mwanamume, Yusuf. Tulipofika mlangoni Sista Nekesa akanipa ishara ya mkono.

"Leo wewe pumzika. Nimeshakijua Kiswahili chenu."

Nami nikafurahi! Niliketi uani na Bi Amina, mamake Rukia, nikala mahamri na tukamsengenya jirani yake. Zilikuwa dakika kumi na tano tu. Sista alitoka, akaandika kadi, tukaagana, tukapanda pikipiki ya Shee, dereva wetu, watatu kama kawaida: Shee mbele, Sista kati, mimi nyuma.

Hatukuwa tumefika mbali, nikauliza juu ya kelele za injini. "Wamuonaje Rukia?"

"Yuko sawa. Kuna kitu tu kinamuuma, ni zile nyuzi alizoshonwa. Na matiti yamejaa, anasema ni mazito. Nimemwambia anyonyeshe."

"Alisema matiti?"

"Ndiyo. Matiti mazito."

Mwanamke wa Chundwa hasemi matiti mbele ya mgeni. Asema maziwa.

"Sista, alisemaje hasa? Niambie vilevile, kama kasuku."

Alifikiri kidogo. "'Kitu chaniuma, na mato mazito.'"

"Kitu, au kitwa?"

"Si ni hayohayo?"

"Shee! Geuza!"

Wale ambao si wa huku: kitwa ni kichwa. Mato ni macho. Rukia alimwambia nesi kwamba kichwa chamuuma na macho ni mazito, na nesi akasikia nyuzi na maziwa. Na uchungu wa jambo lenyewe ni kwamba majibu aliyopewa yalikuwa mazuri kabisa, kwa mgonjwa mwingine.

Tulimkuta ameketi kitandani, dirisha limezibwa kwa leso kwa sababu mwangaza ulimuumiza. Sista Nekesa akaketi chini mwenyewe, sikumwambia. Nikasema, "Rukia, shika panapouma." Akainua mkono polepole akauweka kwenye paji la uso.

"Tangu lini?"

"Tangu yana."

"Yana!" Bi Amina akapiga mapaja. "Na hukusema, mwanangu?"

"Nimesema," Rukia akajibu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Nimemwambia huyu sista, akanambia ninyonyeshe."

Mashine ya presha ilikuwa ndani ya begi muda wote, haikutolewa, kwa sababu mzazi alionekana mzima na kadi ilikuwa na mistari mingi ya kujaza. Sista akamfunga mkono, akapuliza. Akapuliza tena. Sikuona namba, niliuona uso wake.

"Presha imepanda sana. Tunaondoka naye sasa hivi. Hiki ni kifafa cha mimba."

"Mimba gani tena?" Bi Amina akauliza. "Si ameshazaa?"

Hapa msimame kidogo. Jina la ugonjwa huu linatudanganya sisi sote. Mwanamke anaweza kushikwa nao akiwa ameshajifungua, siku ya pili, ya sita, hata baada ya hapo, na hata kama presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima. Kichwa kinachouma hata baada ya dawa, macho yanayoona ukungu, uso uliovimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: msingoje kuambiwa mara mbili. Toeni mashine kwanza, kadi itajazwa baadaye.

Chundwa hapakuwa na gari la kumbeba. Tulimpandisha pikipiki, Shee mbele, Rukia kati, mimi nyuma nimemkumbatia. Bi Amina, pamoja na hofu yote ile, akakimbia ndani akaleta mto, akauweka kati ya mgongo wa Shee na kifua cha bintiye. Hakuna aliyecheka. Pikipiki ya pili ilimchukua Sista na Athmani, mumewe Rukia, fundi wa kuezeka makuti, aliyekuwa amemshika mtoto kama mtu aliyebeba sufuria la maji ya moto. Njiani Rukia alikuwa akiniambia, "Dada, mbona kweupe hivi," na jua lilikuwa nyuma yetu.

Degedege lilimshika alipolazwa tu kwenye kitanda cha kituo. Sitaliandika. Mtaliona siku moja na hamtahitaji kusimuliwa. Sista Nekesa alimlaza ubavu, akampiga sindano ya kulituliza, mikono yake ilijua kazi yake, na machozi yalikuwa yakimtoka vilevile, kama mambo mawili yasiyojuana. Boti ya kumpeleka hospitali Amu ilikuwa tayari kabla ya adhuhuri. Sista aende naye, Bi Amina aende naye. Na mtoto? Mama hajitambui, bahari imechafuka, na mtoto wa siku sita tangu alfajiri hajanyonya.

Athmani alishatoka mbio kwenda dukani. Akarudi na kopo la maziwa ya unga, yale ya kutilia chai.

"Hayo ni ya wazee, Athmani," nikamwambia. "Huyu si mzee."

Sista Nekesa akanitazama kifua. Sote wawili tulikuwa tumefikiri jambo moja. "Nipe kidole," akasema, akanipima damu palepale, isije ikawa nina virusi vya kumpa mtoto, tukangoja kipimo kijibu huku nahodha akipiga kelele. Kikajibu vizuri. Akabeba begi akaingia botini.

Athmani alibaki amesimama na mwanawe. "Dada, nina swali."

"Uliza, analia."

"Mwanangu mume, mwanao mke. Ukimnyonyesha, wawa ndugu wa ziwa. Kuozana tena hakuna."

"Athmani. Mwanao ana siku sita. Wataka kumuozesha leo?"

"Naulizia tu, isije ikawa lawama mbele."

Alikuwa na haki. Kwetu maziwa ni nasaba, na nesi asiyelijua hilo anaweza kufunga au kuvunja undugu wa nyumba mbili kwa kudhani anatoa chakula. Nikampigia simu mume wangu nimweleze. Akasikiliza kilio upande wangu, akasema, "Mwana ana ndaa, na weye wapiga simu?" Akakata.

Nikaketi. Yusuf alinyonya kama mtu aliyedhulumiwa. Maulamaa wetu wasema mara tano za kushiba ndizo zinazofanya undugu. Huyu kesho yake adhuhuri alikuwa ameshapita.

Siku tisa nilikuwa na watoto wawili kifuani, na Athmani alihamia barazani kwetu. Nilimpa kazi, kama nilivyofundishwa. Kuosha nepi, kumcheulisha mtoto, kumlaza kifuani pake shati likiwa wazi ili asikie moyo. Kila simu ya Amu ilipolia alinipa mtoto kwanza, halafu ndipo akapokea. Siku ya tatu Rukia hakuwa amezungumza bado.

"Dada, na akifa?"

"Nyamaza umfunge nepi. Umeifunga upande."

Akaifungua, akaifunga tena. Nikamwacha alie huku akifunga. Ilifungika vizuri kuliko zote.

Sista Nekesa alirudi kutoka Amu siku ya pili kuendelea na kazi, lakini kabla ya kuondoka wodini alimfundisha Bi Amina kumkamua Rukia maziwa kwa mkono kila baada ya saa chache, hata kama yatoka matone, hata kama yamwagwa, ili yasikauke. Mgonjwa hajijui na mamake anamkamua matone kwenye kikombe cha chai. Nani angefikiria hilo? Nesi alilifikiria. Ndiyo maana nasema alikuwa nesi kwelikweli.

Wiki hiyohiyo nikasafisha ofisi, nikaiona ripoti mezani. Ilikuwa imeandikwa: mama alichelewa kueleza dalili. Hapo ndipo nilipopata hasira ambayo sijaiacha mpaka leo. Alichelewa wapi? Alieleza! Alieleza kwa lugha yake, chumbani kwake, kwa mtu aliyetumwa kumsikiliza. Mara ngapi nimesikia kwenye mikutano, "wanawake wa visiwani hawasemi, ni waoga, ni mila." Wanasema mchana kutwa. Nikampelekea Sista Nekesa ile karatasi. Aliisoma, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yale, akaandika: Mama alieleza. Mimi sikuelewa. Akatia sahihi yake. Aliitwa, akasemwa, na hakufuta.

Mimi je? Kwenye ripoti hakuna mahali pa kuandika kwamba mfasiri alikuwa uani akila mahamri. Kwa hiyo naandika hapa.

Rukia alirudi siku ya kumi, amekonda, anatembea ameshikwa, fahamu zimemrudia. Tulikwenda Chundwa na Sista Nekesa, mimi nimembeba Yusuf. Sista alipoingia hakutoa kadi wala mashine. Alipiga magoti mkekani, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Rukia, uliniambia na mimi sikusikia. Nisamehe."

Rukia akamwambia, "Nimekusamehe. Lakini jifunze kusema kitwa, sista. Hilo jina lako gumu nalo nimejifunza."

Nikamwekea mwanawe mikononi. Akamnusa shingo, akamfungulia ziwa. Yusuf akageuza uso. Akamrudisha, akageuza tena, akakaza mgongo, akalia. Sista akajaribu kumshika hivi na hivi, akakamua tone kwenye midomo yake. Hakutaka. Alikuwa ananitafuta mimi, kichwa kinazunguka kila nilipohema, na kifua changu, hakina haya, kikaanza kutiririka mpaka buibui likalowa. Rukia akaliona.

"Amenisahau," akasema.

"Hajakusahau," nikasema. "Ni siku chache tu, polepole ata…"

"Ni weye. Asikia harufu yako." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, ila ilinikata. "Toka, dada. Usinielewe vibaya. Toka."

Miaka yote ile nilikuwa mtu wa kuingia. Kumi na miwili hii sasa, na hakuna siku niliyoona ugumu wa kazi kama siku niliyotakiwa kutoka. Nikatoka. Nikasimama uani, mgongo ukutani, karibu na Athmani. Ndani mtoto alilia, na kila alipolia maziwa yalinimwagika, na miguu yangu ilitaka kwenda yenyewe. Nilitia ncha ya mtandio kinywani nikauma.

"Ingia umpe, dada," Athmani akasema. "Mara hii moja. Ataumia koo."

"Siingii."

"Kwa nini, na maziwa unayo?"

"Kwa sababu ninayo."

Tukasikia Sista akizungumza chini chini. Tukasikia Bi Amina akisoma dua. Kilio kikapanda, kikakatika, kikapanda tena kwa hasira. Halafu kikanyamaza katikati, na kimya kile kikawa kirefu, hadi Athmani akaupeleka mkono mlangoni nami nikaurudisha.

"Uwii!" Rukia akapiga kelele ndani. "Taratibu, weye mwana! Wauma!"

Athmani akaketi chini pale alipokuwa, mchangani. Mimi nikajitandia vizuri, nikaenda kumtafuta Shee anirudishe kwa Salma.